Namna ya Kulichunguza Tatizo la Mtaa kwa Mbinu za Sayansi ya Jamii

Kikao cha mtaa kinapojadili tatizo, mara nyingi sababu yake huwa imekwisha kutajwa kabla hata mtu mmoja hajatoka kwenda kutazama. Taka zimejaa mtaroni kwa kuwa watu ni wachafu; abiria hawamkemei dereva anayekimbiza gari kwa kuwa hawajali. Utafiti wa sayansi ya jamii huanza kwa kuyatilia shaka majibu ya namna hiyo, na kamati ya mtaa, kikundi cha wazazi au mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kuufanya kwa kiasi chao, wakiwa na daftari, kalamu na subira.

Kwanza, igeuze lawama iwe swali linalohesabika. Uchafu wa tabia hauhesabiki, lakini inahesabika idadi ya mifuko inayotupwa, saa inapotupwa na upande anakotokea mtupaji. Mtaani kwetu, Dar es Salaam, kamati ilikuwa imesimamisha bango la faini kando ya mtaro ulio nyuma ya genge la mboga, na taka zikawa zinalundikana chini ya bango lenyewe. Tukakubaliana kukaa kwa zamu kwenye benchi la genge, alfajiri na jioni, kwa wiki mbili, tukitia alama daftarini bila kuandika jina la mtu. Wengi walitupa alfajiri wakielekea kituoni, na mifuko yao ilikuwa imefungwa vizuri, tena kwa fundo mbili. Mtu asiyejali usafi hafungi mfuko wa taka fundo mbili. Tulipofuatilia ratiba ya guta la taka tukakuta linapita saa nne asubuhi, wakati ambapo vyumba vingi vya wapangaji vimeshafungwa kwa kufuli.

Baada ya kutazama, uliza, ila uliza kwa uangalifu. Ukimwuliza mtu kama huwa anatupa taka mtaroni atakujibu hapana, nawe utakuwa umempa nafasi ya kujisitiri tu. Mwulize mfuko wa mwisho aliutoa lini, ulikwenda wapi na nani aliubeba. Jambo la juzi halipambiki kwa urahisi kama tabia ya jumla. Angalia pia nani anauliza, kwani mjumbe wa mtaa akibisha hodi na daftari la michango kwapani hatapata majibu yale yale atakayopata kijana asiye na cheo. Na usipite saa nne asubuhi tu, maana utazungumza na waliobaki nyumbani tu, kisha uwahukumu kwa majibu yao hata wale usiowakuta.

Sehemu ngumu zaidi ni kulinganisha, na hapa mfano wa matatu, yaani mabasi madogo ya abiria ya Kenya, unafundisha kuliko maelezo mengi. Wachumi James Habyarimana na William Jack, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walijiuliza kwa nini abiria waliojaa hofu garini hunyamaza dereva anapoendesha kwa fujo. Walikisia kwamba kila mmoja humngoja mwenzake aanze, kwa sababu anayepaza sauti peke yake huonekana msumbufu. Basi wakabandika stika za kuwahimiza abiria waseme ndani ya matatu zaidi ya 1,000 za safari ndefu, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na nyingine zikaachwa bila stika. Hawakutegemea maneno ya madereva peke yake, bali walikwenda kwenye kumbukumbu za madai ya bima. Madai hayo, ambayo bila stika yalikuwa kama 10 kwa kila magari 100 kwa mwaka, yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Kama kusingekuwa na matatu za kulinganishia, yeyote angeweza kudai kwamba ajali zilipungua kwa sababu ya msako wa polisi au kwa kuwa mvua zilikatika.

Utafiti mwingine, wa Jessica Cohen na Pascaline Dupas katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, uliipima imani kwamba chandarua cha bure hakithaminiwi. Waliopewa bure walivitumia sawa na walionunua. Bei ndiyo iliyowafukuza wengi.

Mtaani huna magari 1,000, lakini unaweza kuwa na mitaro miwili inayofanana. Hesabu taka za yote miwili kwanza, rusha sarafu kuamua upi utaanza kufanyiwa mabadiliko, badilisha jambo moja tu, kisha uhesabu tena kote kwa saa zile zile. Ukibadilisha ratiba ya guta, ada na bango kwa pamoja, hutajua kilichofanya kazi ni kipi. Mitaro miwili ni michache mno kuthibitisha jambo kwa uhakika, kwa hiyo yachukue matokeo kuwa dalili. Omba ridhaa ya unaowahoji, na ukikusudia utafiti rasmi wa kitaaluma, fuata kwanza taratibu za kibali: Tanzania Bara husimamiwa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Kenya na NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu.

Matokeo yasomeni mbele ya wale wale mliowahesabu, kwa kuwa wao huona kasoro ambazo daftari halikuziona. Sisi tulipoomba guta lipite saa kumi na mbili asubuhi upande wa genge, mifuko ya alfajiri ilipungua pale mtaroni, na upande wa pili ikabaki kama zamani. Nikayasoma hayo kikaoni kwa furaha, hadi mama anayekaanga samaki aliponiuliza kwa nini hatukuwahi kukaa kwenye benchi baada ya saa tatu usiku, saa anayofunga biashara yake na kubaki na ndoo ya magamba isiyo na pa kwenda.