Kwadi iliyotumika haiwaki? Anzia kwenye tangi, malizia kwenye kabureta

Kwadi nyingi, yaani pikipiki za magurudumu manne, zinazouzwa zikiwa zimetumika zimelala miezi kadhaa kabla ya kupata mnunuzi. Betri inachajiwa, starta inazungusha injini vizuri, plagi inatoa cheche, lakini haiwaki. Au inawaka kwa choki tu (kidude cha kuwashia injini baridi), ukirudisha choki inazima. Hapo watu hukimbilia kununua kabureta mpya, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Subiri kwanza. Petroli iliyokaa muda mrefu huharibika: sehemu yake nyepesi hugeuka mvuke, inayobaki huwa utomvu unaonata na kuziba vitundu vidogo. Yenye ethanoli huvuta pia unyevu wa hewani. Mara nyingi kabureta ni nzima, ila ni chafu. Ifuate petroli kutoka tangini hadi kwenye injini, na usiruke hatua hata moja.

Fanya kazi nje, injini ikiwa imepoa, waya hasi wa betri umetolewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kwa chini hadi ukute moto. Pasiwe na sigara wala jiko karibu.

Hatua ya 1: Tangi

Fungua mfuniko unuse. Petroli iliyochacha haina ile harufu kali ya kawaida. Inanuka kama vanishi, na rangi yake imekolea. Chomoa paipu la mafuta upande wa kabureta, fungua koki (kifungio cha mafuta chini ya tangi), kinga kidogo kwenye chupa safi ya kioo, uiache itulie. Kama kuna maji, yatakaa chini na utaona mstari unaoyatenga na petroli. Ukikuta maji, kutu au harufu hiyo, mwaga yote na uoshe tangi. Usijaribu kuokoa petroli mbovu kwa kuichanganya na mpya.

Kagua pia tundu la hewa la mfuniko. Likiziba, pikipiki itatembea vizuri kwa muda kisha itazima, na ukifungua mfuniko utasikia hewa ikivutwa ndani. Puliza tundu hilo. Ni kazi ya dakika moja.

Hatua ya 2: Koki, filta na paipu

Mafuta yatiririke mfululizo, si kwa matone. Yakitoka kwa shida, safisha kichujio cha koki na ubadilishe filta. Paipu lililokakamaa au lenye nyufa libadilishwe pia. Lakini koki nyingine hufunguka kwa mvuto wa injini, kwa hiyo haitoi kitu injini ikiwa imezima. Hiyo ipime kwa kuvuta hewa kwa bomba la sindano kwenye kipaipu chake kidogo. Ukikuta petroli ndani ya kipaipu hicho, ngozi ya koki (utando wa mpira ulio ndani yake) imepasuka na injini inakunywa mafuta kwa mlango wa nyuma. Badilisha.

Hatua ya 3: Kabureta

Hapa usiwe na haraka. Piga picha kila upande kabla ya kuchomoa chochote. Skrubu za kabureta za Kijapani zinafanana na za nyota za kawaida lakini si sawa. Bisibisi isiyoshika vizuri itakula kichwa cha skrubu, kwa hiyo tafuta inayokaa sawasawa na uikandamize unapozungusha.

Fungua bakuli la chini. Ukikuta unga wa kijani au mabaki ya kahawia, umempata mchawi. Toa pini ya floti (boya linalopima kiwango cha mafuta), inua floti pamoja na sindano yake, utazame ncha ya sindano kwa karibu. Ikiwa na alama ya mviringo iliyochimbika, haizibi tena, na mafuta yatafurika.

Fungua jeti kubwa (jeti ni kipande chenye tundu la kupimia mafuta), kisha ile ndogo iliyo pembeni yake. Hiyo ndogo ndiyo inayolisha injini usipovuta mafuta kwa mkono, na ndiyo inayoziba kwanza, maana tundu lake halifiki hata nusu milimita. Inyanyue kwenye mwanga: lazima uone duara safi la mwanga, lisilo na kingo zenye utando. Loweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, puliza kwa hewa ya kompresa. Ikikataa, pitisha uzi mmoja wa waya laini wa shaba. Waya wa chuma usiuguse. Ukipanua tundu, jeti imeharibika.

Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko (inayorekebisha hewa na petroli), izungushe ndani polepole ukihesabu mizunguko hadi iguse, bila kukaza. Andika hesabu hiyo, utairudishia hapo. Ikitoka, hakikisha springi, washa na oringi yake ndogo vimetoka nayo. Puliza kila njia ya hewa na mafuta, uhakikishe dawa inatokea upande wa pili. Vitu vya mpira, hasa ngozi ya juu, viondoe kabla ya kupuliza dawa, la sivyo vitavimba.

Kama yako inatumia injeksheni (mfumo wa kupuliza mafuta usio na kabureta), hatua hii haikuhusu: rudisha waya wa betri, washa swichi usikilize pampu tangini ikinguruma kwa sekunde chache. Ikinyamaza, anza na fyuzi na relei.

Hatua ya 4: Kurudisha na kurekebisha

Funga kwa gaskiti na oringi nzima. Kagua mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukiwa na ufa, hewa ya ziada itaingia na kazi yote itaonekana bure.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Kiwango kikiwa kimepanda na oili inanuka petroli, sindano ya floti ilikuwa inavujisha hadi ndani ya injini. Mwaga oili hiyo, weka mpya. Oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi.

Washa, acha injini ipate joto, rudisha choki, kisha zungusha skrubu ya mchanganyiko robo kwa robo hadi mngurumo utulie. Tembeza, kisha toa plagi. Ikiwa nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi: usiendelee kuivuta hadi ujue inaingilia wapi, kwa sababu injini inayokosa mafuta huchemka na kuunguza pistoni. Rangi ya udongo wa kahawia ndiyo unayoitafuta.