Lisbon: panda kwa mashine, shuka kwa miguu

Wenyeji husema mji wao umekaa juu ya vilima saba, na mgeni wa mara ya kwanza huanza na kosa lile lile. Anasimama Baixa, kwenye mitaa ya tambarare ya katikati ya mji, anaiona ngome ya São Jorge pale juu, anaona si mbali, anaanza kupanda kwa miguu saa saba mchana. Akifika, jasho linamtiririka na foleni ya tiketi inamngoja. Kuona Lisbon vizuri ni suala la kupanga saa na miteremko. Mahali pa foleni uwahi asubuhi, mlima uachie lifti au basi, na miguu itunze kwa kushuka.

Kadi kabla ya yote

Metro inaanzia hapo hapo uwanja wa ndege, mstari mwekundu. Kwenye mashine za tiketi nunua kadi ya Navegante, ya karatasi ngumu, kwa nusu euro. Kila mtu awe na yake, maana kadi moja haifungulii geti watu wawili. Halafu amua unaijaza nini. Kuna tiketi ya saa 24, takriban euro 7, inayokubali metro, mabasi na tramu za mjini. Saa hizo zinaanza kuhesabiwa unapogonga mara ya kwanza, kwa hiyo ukiigonga saa kumi alasiri unaitumia hadi saa kumi ya kesho yake. Kuna pia mfumo wa salio, wanauita zapping: unaweka euro 10, kila safari inakatwa kidogo kidogo.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tiketi ya kawaida ya saa 24 haifungui geti la treni ya Belém wala la kivuko cha kuvuka mto, na kadi yenye tiketi ya siku haikubali kuwekwa salio hadi tiketi hiyo iishe. Nunua kadi mbili tangu mwanzo: moja ya tiketi ya siku, moja ya salio. Ziandike kwa kalamu, kwa sababu zinafanana kama mapacha.

Kwenda mjini, panda mstari mwekundu hadi Alameda, badili uchukue wa kijani unaoelekea Cais do Sodré, shuka Rossio. Usiitupe kadi njiani. Geti la kutokea nalo linaidai.

Viatu: njia za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo hadi vikang'aa. Mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Vaa viatu vya soli ya mpira yenye meno.

Belém, asubuhi, na kamwe si Jumatatu

Belém ipo kilomita kama sita magharibi mwa katikati ya mji, kando ya mto Tejo. Jumatatu monasteri ya Jerónimos na mnara wa Belém hufungwa, na kila Jumatatu kuna watu wanaosimama mbele ya milango hiyo wakisoma neno *fechado*, yaani pamefungwa. Tarehe 1 Januari, Pasaka, 1 Mei, 13 Juni na 25 Desemba ni hivyo hivyo. Tarehe 13 Juni ndiyo inayowanasa wageni: ni sikukuu ya Mtakatifu Antoni, ambaye Lisbon wanamsherehekea kama mtoto wao.

Tramu namba 15 inafika, lakini hujaa na hutambaa. Treni ya Cascais kutoka Cais do Sodré inakufikisha kwa dakika chini ya kumi. Hakikisha ni ile inayosimama Belém, kwa kuwa nyingine hupita moja kwa moja.

Anza na monasteri ya Jerónimos. Ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500 chini ya mfalme Manuel wa Kwanza, kwa fedha zilizotokana na kodi ya bidhaa kutoka Afrika na Mashariki, pilipili na viungo vikiwemo. Ndiyo maana mawe yake yamechongwa kamba za meli, mafundo na mimea ya baharini. Pana foleni mbili. Ya ua wa ndani wenye nguzo inahitaji tiketi ya saa maalumu. Inunue mtandaoni siku kadhaa kabla, uchague saa ya kwanza kabisa. Ya kanisa ni ya bure, isipokuwa wakati wa misa. Watu husimama foleni isiyo yao nusu saa nzima, kwa hiyo uliza kabla ya kujipanga.

Ukiingia kanisani, usikimbilie mbele. Simama hapo mlangoni, chini ya dari ya chini, utazame kushoto: kaburi la mawe lenye sanamu ya mtu aliyelala, mikono imekutana kifuani, ubavuni pamechongwa jahazi. Ni Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498 na kupewa Malindi rubani wa kumvusha hadi Calicut. Alifia India mwaka 1524, na mabaki yake yaliletwa kanisani hapa mwaka 1880. Upande wa kulia ni kaburi la mshairi Luís de Camões. Msomaji wa pwani atasimama hapo muda mrefu kuliko wengine, na ana haki.

Ukitoka, vuka kuelekea mtoni kwa njia ya chini ya ardhi. Usijaribu kukatisha barabara na reli. Utatokea penye Padrão dos Descobrimentos, mnara wa mita 52 wenye umbo la omo ya meli. Huu wa sasa ni wa 1960. Wa kwanza ulisimamishwa kwa muda tu mwaka 1940. *Padrão* ndilo jina la nguzo za mawe ambazo mabaharia wa Kireno walizisimika walikofika, na mojawapo ipo Malindi hadi leo. Chini, sakafuni, kuna ramani kubwa ya dunia ya marumaru ndani ya dira yenye upana wa mita 50, na kuitembea ni bure. Kwa maoni yetu ramani hiyo inatosha. Mnara wenyewe unawasifu waliosafiri, wala hausemi lolote juu ya waliosafirishwa.

Kutoka hapo tembea kama dakika kumi na tano kwenda magharibi hadi mnara wa Belém, uliojengwa kuanzia 1514. Mwaka 2025 ulifungwa kwa ukarabati, kwa hiyo angalia hali yake kabla ya kulipia chochote. Hata ukiwa wazi, ngazi yake ya mzunguko ni nyembamba na watu hupishana kwa zamu. Mnara huu unapendeza zaidi kwa nje. Zunguka upande wa magharibi, tazama chini ya kibanda cha mlinzi kwenye kona: kuna kichwa cha kifaru, kimelika kwa upepo wa chumvi lakini bado unakitambua. Ni ukumbusho wa kifaru hai kilicholetwa kutoka India mwaka 1515, mji mzima ukatoka kukishangaa.

Wakati wa kurudi, pitia duka la Pastéis de Belém lililo karibu na monasteri, ambalo limekuwa likioka vitobosha vya maziwa na mayai tangu 1837. Foleni unayoiona nje ni ya wanaobeba. Ingia ndani, pita vyumba vya mbele, utafute meza huko nyuma kwenye kumbi kubwa. Vile vya moto ndivyo vya kuagiza: ganda linavunjika kwa tabaka kama chapati iliyokaushwa, katikati panatikisika, juu pana madoa meusi ya moto wa tanuri. Nyunyiza mdalasini, kisha sukari kidogo. Viwili kwa mtu mmoja ni wastani.

Ngome na Alfama: panda bila kupanda

Kuna lifti mbili za umma zisizolipiwa ambazo wageni wengi hawazijui. Ya kwanza ipo ndani ya jengo la Rua dos Fanqueiros, mtaa wa Baixa, na inakutoa Rua da Madalena. Vuka barabara, panda mita chache hadi Largo Chão do Loureiro, penye duka kubwa la vyakula lililo chini ya maegesho ya magari; ndani yake mna lifti ya pili. Ukitoka juu, ngome ipo dakika chache tu. Lifti ikiharibika, basi namba 737 linaondoka Praça da Figueira na kupanda hadi karibu na lango.

Ngome hufunguliwa saa tatu asubuhi. Sehemu kubwa ya kuta unazoziona zilikarabatiwa kati ya 1938 na 1940, kwa hiyo usitarajie magofu. Unacholipia hasa ni mandhari, na tausi wanaotembea juu ya kuta. Bajeti ikibana, iache. Nenda Senhora do Monte, uwanja ulio juu zaidi: hapalipiwi, na ngome yenyewe unaiona mbele yako.

Sasa shuka kwa miguu. Kutoka langoni fuata vibao vya Portas do Sol, kisha Santa Luzia. Kwenye ukuta wa nje wa kanisa la Santa Luzia kuna picha ya vigae vya buluu inayoonyesha uwanja mkuu wa mji ulivyokuwa kabla ya tetemeko la 1755. Itazame vizuri, maana baadaye utasimama kwenye uwanja huo huo. Hapo ingia vichochoro vya Alfama. Jina ni la Kiarabu, ndugu wa neno letu hamamu, kwa sababu ya chemchemi za maji moto. Waislamu waliutawala mji huu hadi 1147. Simu itakupoteza, kwani ngazi na vichochoro vimebanana kiasi kwamba ramani inayumba. Usihangaike nayo. Kila ngazi inayoshuka mwishowe inakutoa mtoni.

Mikahawani wataweka mkate, zeituni na siagi kabla hujaagiza. Hiyo ni *couvert*, na ukiigusa unalipa. Huitaki, sema mapema waiondoe, hakuna atakayenuna. Wareno huita meza *mesa*, mvinyo *vinho*, bendera *bandeira*. Kanisa huitwa *igreja*, neno ambalo kwetu limekuja kuwa gereza. Usishtuke ukiliona kwenye kila kibao.

Tramu namba 28

Watu hupanga foleni Martim Moniz saa nzima, wakapata nafasi ya kusimama wasione hata dirisha. Behewa ni dogo, lina viti kama ishirini. Njia ya kuipata ni kwenda kituo cha mwisho cha upande wa pili, Campo de Ourique, mbele ya makaburi ya Prazeres, au kuipanda kabla ya saa mbili asubuhi. Ukilipa taslimu kwa dereva unatozwa karibu mara mbili, gonga kadi.

Wezi wa mfukoni wanaijua tramu hii kuliko dereva. Hufanya kazi mlangoni, pale watu wanaposukumana kupanda: mmoja anakuzuia mbele, mwingine yuko nyuma. Simu isikae mfuko wa nyuma, na mkoba uwe kifuani. Foleni ikikukatisha tamaa, chukua namba 12, inayozunguka kilima hicho hicho kwa muda mfupi.

Behewa la Glória, linalovutwa kwa kebo kupanda mteremko, liliacha njia tarehe 3 Septemba 2025 na watu 16 walikufa. Huduma za aina hiyo zilisitishwa, hivyo usizipangie safari kabla ya kuthibitisha kuwa zinafanya kazi.

Baixa na Carmo

Tetemeko la 1 Novemba 1755 lilipiga asubuhi ya Siku ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa na mishumaa inawaka. Bahari ikafuata, kisha moto wa siku kadhaa. Baixa yote ilijengwa upya kwa mistari iliyonyooka, chini ya usimamizi wa waziri aliyekuja kuitwa Markizi wa Pombal, nyumba zikawekewa fremu ya mbao ndani ya kuta ili zihimili mtikisiko. Praça do Comércio ndio uwanja ule ulioutazama kwenye vigae.

Kuona kilichobaki, nenda konventi ya Carmo, kanisa ambalo halikuezekwa tena: matao yamesimama wazi chini ya mbingu. Jumapili hufungwa. Usipange foleni ya lifti ya Santa Justa, ile ya chuma ya 1902, kwa ajili ya kupanda huko. Kwenye metro ya Baixa-Chiado fuata mlango wa Chiado. Ngazi za umeme zitakupandisha, kisha tembea dakika tano. Nyuma ya konventi kuna baraza la bure linalokupa karibu mandhari ile ile.

Kabla hujaondoka Rossio ingia kanisa la São Domingos. Liliungua 1959, na waliolikarabati waliziacha nguzo na makovu yake, zimebanduka na kuwa nyekundu kwa moto. Kwenye uwanja wa mbele hukutana Waafrika wa Lisbon, wengi wao kutoka Guinea-Bissau, wakipiga soga na kuuza karanga. Kuna pia jiwe la kuwakumbuka Wayahudi waliouawa hapa mwaka 1506.

Jioni, vuka mto

Kivuko cha Cais do Sodré kwenda Cacilhas huchukua kama dakika kumi. Hapa ndipo kadi ya pili, ile ya salio, inapofanya kazi. Kutoka Cacilhas kuna basi hadi sanamu ya Cristo Rei ya 1959, yenye mita 110 pamoja na nguzo zake, lakini kama muda ni mfupi kaa tu Cacilhas, kando ya mto. Jua linazama nyuma ya daraja la 25 de Abril na mji wote unageuka rangi ya asali. Leta sweta, upepo wa Tejo hauna huruma hata Julai. Saa ya kivuko cha mwisho isome ubaoni kabla hujaondoka gatini.