Hifadhi kioja cha mtandaoni kabla hakijatoweka
Ukikutana mtandaoni na kioja cha ubunifu, kama vile kiti chenye umbo la kiganja au tovuti ya zamani iliyojaa picha zinazomemeteka, usitosheke na kuhifadhi kiungo chake tu, kwa kuwa kurasa za aina hiyo hufutwa bila taarifa. Fungua Wayback Machine, huduma ya kutunza nakala za kurasa za wavuti inayoendeshwa na Internet Archive (maktaba ya mtandaoni) na iliyoanza kutumiwa na umma mwaka 2001, ubandike anwani ya ukurasa huo katika sehemu ya kuhifadhi, nao utanakiliwa pamoja na tarehe yake. Kurasa zinazohitaji nywila hazinakiliki kwa njia hii. Watumie marafiki anwani ya nakala hiyo. Picha ya skrini, kwa maoni yangu, haifai sana, kwani mara nyingi hulipoteza jina la mbunifu.