Kumwachisha mtoto ziwa bila kumdhoofisha: hatua kwa hatua

Kuna mtoto ambaye kila muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anamjua. Alikuwa mchangamfu, mstari wa uzito kwenye kadi yake ulipanda vizuri mwezi baada ya mwezi, kisha ukalala, halafu ukaanza kushuka. Ukimuuliza mama nyumbani kumebadilika nini, jibu huwa fupi: "Nimemwachisha."

Miaka ya 1930, daktari Cicely Williams alipokuwa akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, aliandika habari za watoto wa namna hiyo. Walikuwa wamevimba miguu, ngozi inabanduka, hawana hamu ya kitu. Wengi walikuwa wameondolewa ziwani kumpisha mdogo wao, na badala ya maziwa ya mama wakabaki na uji wa mahindi. Ndio ugonjwa tunaouita kwashakoo. Mimi ni muuguzi huku Tanga, na bado tunaletewa watoto wa hali hiyo. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mama anayetaka kumlikiza mwanawe na mtoto abaki na uzito wake, furaha yake, na imani yake kwa mama.

Hatua ya 1: Angalia kama wakati umefika

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aendelee kunyonya hadi miaka 2 na zaidi, sambamba na chakula. Wapo wanaodhani baada ya mwaka mmoja maziwa ya mama yanakuwa maji tu. Si kweli. Mtoto wa kati ya miezi 12 na 24 anaweza kupata humo takribani theluthi moja ya nguvu anayohitaji kwa siku. Ukiyaondoa, theluthi hiyo lazima itoke sahani nyingine.

Kama mtoto hajafikisha mwaka, usianze bila kuonana na mtoa huduma wa afya. Kama ana mwaka na kitu na una sababu ya kuacha, inawezekana, ila kazi ya jikoni itakuwa kubwa zaidi.

Ahirisha mtoto akiwa anaharisha, ana homa, au ndio kwanza ametoka kuugua surua. Ahirisha pia mnapohama nyumba, anapokuja dada mpya wa kumlea, au wiki mdogo wake anapozaliwa. Mtoto abebe badiliko moja kwa wakati mmoja.

Nazungumzia na mimba, maana ndiyo inayowaharakisha wengi. Mama anagundua ana ujauzito, anaambiwa maziwa yameharibika na mtoto atabemendwa, siku hiyohiyo anafunga ziwa. Maziwa ya mjamzito hayawi sumu. Hupungua, na ladha hubadilika, hata watoto wengine huacha wenyewe. Kinachomdhoofisha mtoto ni kupungukiwa maziwa huku hakuna aliyemwongezea chakula. Ukiwa na mimba na hujawahi kupata uchungu wa mapema wala hutoki damu, una nafasi ya kuachisha taratibu. Kula vizuri wewe mwenyewe, na umweleze mkunga kwamba bado unanyonyesha. Kama una historia ya kujifungua kabla ya wakati, muulize kwanza yeye.

Hatua ya 2: Jaza sahani kabla ya kufunga ziwa

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo ninapowaomba akina mama wasiharakishe. Wiki kadhaa kabla ya kupunguza hata nyonyo moja, mtoto awe tayari anakula kama mtu asiyenyonya: milo 4 hadi 5 kwa siku ukihesabu kifungua kinywa, na asusa moja au mbili katikati. Mtoto wa umri huu hushiba kwa kikombe kimoja hivi cha chakula kwa mlo. Tumbo lake ni dogo, hivyo kila kijiko kiwe na kitu ndani yake.

Uji mwepesi unaomiminika kama chai hujaza tumbo na kumwacha na njaa. Uji wa mtoto unatakiwa ukae kwenye kijiko ukikiinamisha. Ukiona mzito mno hawezi kuumeza, usikimbilie kuongeza maji, tumia kimea. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu hadi uchipue, uanike juani ukauke kabisa, sugua kuondoa machipukizi, kisha usage. Punje zikiota ukungu, tupa zote. Uji ukishaiva na kupoa kidogo, koroga kijiko kimoja cha unga huo. Utaona unalainika papo hapo bila kupoteza nguvu yake. Urudishe motoni uchemke tena kidogo, kwa kuwa unga wa kimea ulioongeza ulikuwa mbichi.

Kwenye unga wenyewe, tabia ya kuchanganya nafaka sita na karanga na soya na ngano kwa pamoja haimsaidii mtoto kama watu wanavyodhani. Nafaka moja au mbili zinatosha. Karanga zisagwe na kuwekwa wakati wa kupika, zikiwa safi: karanga na mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, na mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi.

Halafu kitoweo. Kila siku mtoto apate kitu kitokanacho na mnyama, hata kidogo. Yai moja linatosha. Dagaa waliokaushwa vizuri, wakasagwa na kuchanganywa kwenye ugali laini au wali, ni msaada mkubwa kwa nyumba isiyo na fedha nyingi. Maini mara moja kwa wiki yanampa madini ya chuma. Siku isiyo na hivyo, maharage au kunde zilizopondwa pamoja na kipande cha papai au chungwa, kwa sababu tunda la aina hiyo huusaidia mwili kuchukua chuma kilicho kwenye maharage. Chai ya rangi pamoja na chakula hufanya kinyume chake. Nawasihi msiwape watoto. Chakula cha mtoto kiongezwe kijiko cha mafuta au tui la nazi, huku pwani hatuna kisingizio.

Maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi yachemshwe, apewe kwa kikombe. Akiwa anakula nyama, samaki au mayai mara kwa mara, mililita 200 hadi 400 kwa siku zinamtosha. Akiwa hapati, mpe 300 hadi 500. Usizidishe, maana mtoto anayeshindia maziwa hukataa chakula na huishia kupungukiwa damu. Na usimhamishie kwenye chupa ya chuchu. Ni ngumu kusafisha, na mwezi ujao utakuwa unatafuta namna ya kumwachisha chupa.

Hatua ya 3: Jua ananyonya saa ngapi na kwa nini

Kwa siku mbili tatu mwangalie tu. Ananyonya akiamka? Akiona umekaa? Akianguka? Akitaka kulala? Utagundua kwamba nyonyo nyingine ni njaa, nyingine ni usingizi, nyingine ni kuchoka tu kucheza peke yake. Kila moja ina dawa yake, na ukizichanganya zote unamnyima mtoto vitu vitatu kwa mpigo.

Hatua ya 4: Ondoa moja, subiri, ondoa nyingine

Anza na ile asiyoijali sana, mara nyingi ya mchana. Dakika chache kabla ya saa yake mpe asusa: ndizi, parachichi, kiazi kitamu kilichochemshwa. Kisha mtoke nje. Mpelekeni kisimani, dukani, kwa jirani. Usikae kwenye kile kiti au mkeka ambao mmezoea kunyonyeshea, na vaa nguo isiyofunguka kirahisi kifuani.

Subiri siku tatu hadi wiki moja ndipo uondoe nyingine. Katika kipindi hiki mimi hufuata kanuni moja: asipoomba, usimpe, akiomba na hawezi kutulizwa kwa kitu kingine, mnyonyeshe kwa muda mfupi. Mtoto anayejua kwamba hajafungiwa mlango hulia kidogo kuliko anayeona umefungwa ghafla. Kwa mwendo huu kazi nzima inaweza kuchukua mwezi au miwili.

Mweleze. Mtoto wa miaka miwili anaelewa mengi kuliko anavyosema. "Tutanyonya jua likizama, sasa tunakula." Mwambie hivyohivyo kila siku, kwa sauti ileile.

Kumkumbatia kuongezeke kadiri kunyonya kunavyopungua. Mpakate, mbebe mgongoni, lala naye, mwogeshe mwenyewe.

Hatua ya 5: Usiku, mwite baba

Nyonyo ya usiku huwa ya mwisho na ndiyo ngumu. Chakula cha jioni kiwe kizito na kisiwe mapema mno, msafishe meno, kisha asipewe kingine zaidi ya maji. Akiamka, kwa mausiku ya mwanzo aende mtu mwingine kumbembeleza: baba, shangazi, bibi anayeishi hapo. Harufu ya maziwa yako ukiwa ubavuni mwake ni mtihani mkubwa kwa mtoto aliye nusu usingizini.

Baba wengi hupenda kusema hayo ni mambo ya wanawake. Waislamu wenzangu nawakumbusha Sura ya Al-Baqara, aya ya 233: baada ya kutaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, inasema wazazi wakitaka kumwachisha mtoto, iwe kwa kuridhiana na kushauriana wote wawili. Baba ameingizwa katika shauri hili toka mwanzo. Basi aamke saa nane ya usiku ambebe mwanawe.

Atalia. Mausiku machache ya kilio akiwa mikononi mwa mtu anayempenda hayamdhuru.

Kuhusu shubiri, pilipili, na safari ya kwa bibi

Nimeulizwa mara nyingi kama mbinu hizi zinafaa, na jibu langu halijabadilika. Pilipili kwenye chuchu huchoma midomo na macho ya mtoto, na ngozi yako pia. Utomvu mchungu wa shubiri huharisha, na mtoto anayeacha ziwa ndiye hasa hatakiwi kuharisha. Masizi na plasta za kumtisha humfundisha kuogopa mwili wa mama yake.

Kumpeleka kijijini kwa bibi hadi asahau ni desturi ya wengi, na bibi zetu wana mapenzi tele. Lakini mtoto anapoteza maziwa na mama siku moja, na mara nyingi chakula cha huko ni kigeni kwake. Mwite bibi aje kwako. Akae wiki mbili, alale na mjukuu, amsimulie hadithi, nawe uwepo.

Hatua ya 6: Tunza matiti yako

Ukienda polepole, maziwa hupungua yenyewe. Yakijaa na kuuma, kamua kidogo tu, kiasi cha kupata nafuu. Ukikamua hadi tupu, mwili unatengeneza mengine. Weka kitambaa cha maji baridi, vaa sidiria inayoshika vizuri, na meza parasetamoli ukihitaji. Kufunga kifua kwa kanga kwa nguvu kunaweza kuziba njia za maziwa na kuleta uvimbe, kwa hiyo acha.

Titi likiwa jekundu sehemu moja, la moto, gumu, nawe una homa na kutetemeka, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Endelea kukamua upande huo wakati unatibiwa. Likiachwa hugeuka jipu, na jipu hutobolewa.

Kama hukutaka mimba kwa sasa na ulikuwa unategemea kunyonyesha, usisubiri. Kinga hiyo ilikwishapungua tangu mtoto alipovuka miezi 6. Pitia dirisha la uzazi wa mpango ukija kliniki.

Mama unayetumia ARV, yaani dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, unaweza kunyonyesha hadi miezi 24 na zaidi almradi unameza dawa kila siku bila kukosa. Usiache kunyonyesha ghafla. Punguza ndani ya mwezi mmoja hivi huku ukiendelea na dawa zako. Ukishaacha kabisa, mrudishe mtoto kupimwa kwa tarehe utakayopangiwa. Kipimo hicho cha mwisho ndicho kinachofunga hesabu, na wapo wanaokisahau kwa kuwa mtoto anaonekana mzima.

Hatua ya 7: Mpime kila mwezi

Baada ya chanjo ya surua ya miezi 18, kadi nyingi huwekwa kabatini. Itoe. Mlete mtoto apimwe uzito kila mwezi katika miezi mitatu ya mwanzo baada ya kuacha ziwa, na apate matone ya vitamini A kila miezi 6.

Nyumbani, bonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo kwa sekunde chache, miguu yote miwili. Shimo likibaki, usingoje kesho. Ukanda wa kupima mkono ukisoma chini ya sentimita 12.5, anahitaji kuangaliwa. Chini ya 11.5, ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu mara moja. Nywele kuwa nyepesi na kubadilika rangi, kununa kusikoisha, kukataa chakula siku mbili mfululizo: njoo.

Na kama katikati ya safari ameanza kuharisha na maziwa yako bado yapo, mrudishe ziwani. Mpe na chumvichumvi ya ORS pamoja na zinki kama utakavyoelekezwa. Akipona na hamu ya kula ikirudi, mtaanza tena pale mlipoishia.