Jinsi ya kuchagua multimita ya bei nafuu kwa ajili ya gari na nyumba

Kwa kupima betri ya gari, karibu multimita (mita ya kupimia umeme) yoyote itafaa. Shida huanza pale mita hiyohiyo inapochomekwa kwenye soketi ya ukutani. Volti 12 za gari hazikupigi shoti. Volti 230 zinaua. Kwa hiyo ukiwa na pesa kidogo, zilipie kwanza usalama, halafu ndipo uhesabu vipimo.

Hatua ya 1: Tafuta alama ya CAT

Ni daraja la usalama la mita, huandikwa karibu na matundu ya waya. CAT II ni ya vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni ya sanduku la breka za umeme wa nyumba na nyaya za ndani ya ukuta, CAT IV ni ya pale umeme unapoingilia nyumba. Kwa nyumbani chukua CAT III 600 V. Nyaya za kupimia nazo ziwe na alama hiyo, maana mita ya CAT III yenye nyaya za CAT II inahesabiwa CAT II. Ila wino ni rahisi kuchapisha, basi usiishie hapo.

Hatua ya 2: Fungua mgongo, angalia fyuzi

Hapa ndipo mita za bei rahisi zinapotofautiana kweli. Mita ikiwekwa kwenye ampea, ndani yake ni kama kipande cha waya mtupu. Mtu anapima mkondo wa gari, anasahau waya mwekundu kwenye tundu la 10A, kesho yake anachomeka ncha kwenye soketi ya nyumba. Hiyo ni shoti kamili, na kinachosimama kati ya mkono wake na mlipuko ni fyuzi peke yake.

Fyuzi nzuri ni ya kauri yenye mchanga ndani, imeandikwa 600 V au zaidi. Mchanga huzima cheche. Fyuzi ndogo ya kioo ya 250 V inaweza kupasuka huku cheche ikiendelea kuwaka. Tundu la 10A likiandikwa UNFUSED, halina fyuzi kabisa: mita hiyo ibaki kwenye gari, isiguse umeme wa nyumba.

Hatua ya 3: Kagua nyaya

Weka mita kwenye omu (Ω, kipimo cha ukinzani), gusisha ncha mbili. Isome kati ya 0.1 na 0.5. Kunja waya karibu na mpini. Namba zikirukaruka, nyuzi za ndani zimekatika. Chuma kinachobaki wazi kwenye ncha kiwe kifupi, takriban milimita 4, kisije kikagusa nyaya mbili kwa pamoja. Mita nzuri yenye nyaya mbovu inanunulika, kwa sababu nyaya huuzwa peke yake.

Hatua ya 4: Linganisha vipimo na kazi yako

Kwa gari unahitaji volti za DC (umeme wa betri; ule wa nyumba ni AC) zenye tarakimu mbili baada ya nukta. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma karibu 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, 12.0 iko karibu kuisha. Tofauti hizo ni ndogo, lakini hata mita ya hesabu 2000 (yaani skrini yake huishia 1999) huzionyesha kwenye kiwango cha 20 V. Hesabu 6000 ni starehe tu.

Ampea 10 za DC zinatosha kutafuta kinachonyonya betri gari likiwa limezimwa. Anza na tundu la 10A, subiri nusu saa kompyuta za gari zilale, kisha tarajia chini ya miliampea 50. Ukianzia tundu la mA halafu mtu akafungua mlango, fyuzi imeondoka. Mita inayojizima yenyewe baada ya dakika 15 itakuudhi sana hapa. Na usiwashe gari mita ikiwa kwenye ampea: stata huvuta zaidi ya ampea 100. Kupima mkondo huo kunataka mita ya koleo (inayobana waya kwa nje) inayosoma DC, na nyingi za bei nafuu husoma AC tu.

True RMS, yaani uwezo wa kusoma AC sawasawa hata wimbi lake likiwa limevurugika, ina maana kama una inveta au swichi za kufifisha taa, ambako mita ya kawaida hudanganya. Taa ya kuhisi umeme bila kugusa isiwe sababu ya kununua; kamwe usiitegemee kuthibitisha kwamba waya hauna umeme.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kulipa

Pima betri kavu mpya ya volti 1.5, isome kati ya 1.5 na 1.65. Zungusha swichi ya katikati huku na huku: namba ikipotea au ikibadilika, iache. Weka swichi kwenye kipimo cha mlio, gusisha ncha mbili. Mlio uje papo hapo, usichelewe.

Angalia pia inatumia betri gani, na kama ina alama ya kuonya betri ikiisha. Mita nyingi za bei ya chini, betri yake ikichoka, husoma juu kuliko ukweli. Gari likionyesha volti 15.5 injini ikiwaka, wakati kawaida ni 13.8 hadi 14.5, badilisha kwanza betri ya mita kabla hujaagiza oltaneta, ile inayochaji betri ya gari.