Jeraha la kope: kulipima, kulishona na kuliandika ili lipate msimbo sahihi

Rejista nyingi za vituo vya afya Uganda huandika "jeraha la jicho" tu, na kosa huanzia hapo. Kope iliyochanika huingia S01.1 katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha. Jicho lenyewe likiumia ni S05. Anayeweka msimbo hakumwona mgonjwa. Anategemea maneno yako.

Anza na uoni, kila jicho peke yake, kabla ya kope kuvimba ikajifunga. Kisha tazama jicho bila kulibonyeza. Mboni ikiwa na umbo la chozi, au kitu cheusi kikichungulia kwenye mpasuko wa jicho, acha kila kitu: weka kinga ngumu isiyogusa jicho, usiweke pamba, mpeleke hospitali ya rufaa.

Jicho likiwa salama, chunguza kope. Mafuta ya njano yakionekana ndani ya kidonda, mwambie atazame juu: kope isipoinuka, huenda msuli unaoiinua umekatika. Mkato ulio karibu na pua uogope hata ukiwa mdogo, kwa kuwa kimfereji cha machozi hupita hapo. Kikishonewa juu juu, mgonjwa atatokwa machozi miaka yote. Mpe rufaa afike kwa mtaalamu ndani ya saa 24 hadi 48.

Mengine unaweza kuyashona. Osha kwa maji ya chumvi na povidoni ya 5%, kamwe si kloheksidini, inaunguza konea, kioo cha mbele ya jicho. Usikate nyama iliyolegea. Kope ina damu nyingi, hupona. Mkato uliopita ukingo, panga ukingo kwanza, ushike bamba gumu la kope kwa uzi mwembamba wa 6-0 unaoyeyuka, ndipo ufunge ngozi. Ukianza na ngozi, ukingo hubaki na pengo. Mafundo yaelekee mbali na jicho, la sivyo yatakwaruza konea. Paka marhamu ya macho ya tetrasaiklini ya 1%, toa chanjo ya pepopunda, nyuzi za ngozi zitoke siku ya 5 hadi 7. Akiwa ameumwa na mbwa, osha dakika 15 kwa maji mengi na uanze kinga ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo.

Maelezo yanayotosha ni haya: "Kope ya juu, kulia. Mkato wa wima, mm 14, unene wote, umepita ukingo. Kimfereji kizima, hakuna kitu kigeni. Uoni 6/9. Alianguka na boda boda barabarani, hakugongana na chochote." Hapo S01.1 inapatikana, na V28 kwa chanzo, yaani ajali ya pikipiki bila kugongana. Toleo la Marekani hutenganisha pande, hivyo huyu angepata S01.111A. Kimfereji kikikatika msimbo unabaki S01.1, ila kiandike, maana rufaa inakitegemea.

Mtu akiwa amepigwa, polisi wataleta Fomu 3, fomu yao ya kuandikia majeraha. Vipimo vyake vilingane na vya faili, milimita kwa milimita.