Namna ya kupata usingizi wa kutosha katika joto la Dar es Salaam

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia shemeji yangu wa Mbagala, ambaye alikuwa akifika kazini Posta akisinzia. Washauri wengi huanza na simu na kahawa. Katika jiji hili, hasa kati ya Desemba na Machi, mimi naona kazi kubwa iko kwenye joto.

Hatua ya kwanza: panga kuanzia saa ya kuamka. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7, kwa hiyo anayeamka saa 10:30 alfajiri kuwahi daladala hana budi awe amelala saa 3:30 usiku. Saa ya kuamka isibadilike hata Jumapili.

Hatua ya pili: acha kahawa na chai ya rangi mapema. Nusu ya kafeini huweza kubaki mwilini saa 5 baada ya kunywa, hivyo jioni ukipita kijiweni, nunua kashata peke yake.

Hatua ya tatu: poza mahali unapolala. Mwili hujiandaa kulala kwa kushusha joto lake la ndani, ukilitoa kupitia ngozi, hasa ya mikono na miguu. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, jasho halikauki na joto halipati njia. Kuta za tofali za saruji nazo hunywa jua mchana kutwa na kulirudisha chumbani usiku, kwa hiyo usiegemeze kitanda kwenye ukuta wa magharibi. Mchana funga pazia upande wa jua. Nje kukishapoa kuliko ndani, fungua madirisha ya pande mbili, mradi yana wavu.

Chandarua ndicho kilichotusumbua kuliko yote. Kukiacha kwa sababu ya joto si suluhisho, kwani mbu waenezao malaria huuma zaidi usiku. Shemeji alikuwa na chandarua cha duara kilichoning'inizwa chini ya pangaboi: upepo wote ulikuwa ukiishia kwenye kitambaa kilichokusanyika juu, na yeye aliyelala chini akibaki analowa jasho. Nunua cha pembe nne, ukifunge kwenye fito nne za kitanda, kisha weka feni ya kusimama karibu na kitambaa, usawa wa godoro, ipulize kutoka miguuni kuelekea kifuani. Mimi pangaboi silipendi kabisa kwa kulalia, ingawa wenye dari refu watanibishia. Hakikisha feni haikivuti chandarua, na upindo wake uchomekwe chini ya godoro pande zote, kwa sababu upepo huuinua bila wewe kujua. Kwa siku umeme unapokatika, feni ndogo ya kuchaji iwe imejaa chaji, nayo ikae ndani ya chandarua.

Hatua ya nne: simu ichajiwe sebuleni. Saa ya mezani ya kengele inatosha kukuamsha.

Hatua ya tano: usingizi ukigoma kwa takriban dakika 20, ondoka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, urudi macho yanapokuwa mazito.

Anayekoroma kwa nguvu huku pumzi ikikatika, au anayelala saa za kutosha na bado anasinzia mchana, amwone daktari. Hapo feni wala chandarua havitamsaidia.